Je, Tuwalishe Watoto wa Mbali?

Mchango wa watoto wenye njaa wa nchi nyingine unapotangazwa kanisani, swali moja huulizwa, mara nyingi kwa sauti ya chini: wa kwetu je? Swali hili si la uchoyo. Paulo mwenyewe alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Kwa hiyo tusilipuuze, bali tulijibu.

Tutazame kwa jirani zetu wa Malawi. Mwaka 2002 nchi hiyo ilipigwa na njaa kali. Mskoti mmoja, Magnus MacFarlane-Barrow, aliyewahi kuwa mfugaji wa samaki, alikutana huko na mvulana ambaye mama yake alikuwa mahututi kwa UKIMWI. Alipoulizwa anatamani nini maishani, mvulana alijibu kwamba angependa kupata chakula cha kutosha, na siku moja aende shule. Mwaka huo huo ukaanza mpango wa Mary's Meals: kikombe cha uji kwa kila mtoto, pale pale shuleni, kila siku ya masomo. Walianza na watoto wapatao 200. Leo ni zaidi ya milioni 2, katika nchi kadhaa.

Lakini ni nani anayeupika uji huo? Ni wazazi na mabibi wa vijiji vyenyewe. Hujitolea kwa zamu, huamka alfajiri kuwasha moto, huteka maji na kukoroga masufuria ya unga wa mahindi na soya. Hawalipwi mshahara, na wengi wao ni maskini kuliko sisi. Basi anayechangia kutoka mbali si mtoaji wa kwanza, ni wa pili. Amekuta moto umekwisha kuwashwa, kilichopungua ni unga.

Ndivyo ilivyokuwa kwa makanisa ya Makedonia. Walikuwa katika umaskini mkubwa, na bila shaka wenye njaa walikuwapo hata kwao. Hata hivyo, waliposikia shida ya ndugu wa Yerusalemu, waliomba sana wapewe nafasi ya kushiriki. Paulo hakuwalaumu kwamba wamewaruka jirani zao. Aliiona kuwa ni neema ya Mungu. Wahenga nao walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tena tuseme kweli. Tunapouliza "wa kwetu je?" na kuirudisha noti mfukoni, ni mara ngapi noti hiyo humfikia mtoto wa jirani? Mkono uliofungwa kwa wa mbali ni ule ule unaotakiwa kufunguka kwa wa karibu.

Zipo shule za kwetu ambako uji hutegemea michango ya wazazi, na mtoto ambaye mzazi wake hana hubaki akiwatazama wenzake wakinywa. Huyo ndiye wa kwetu. Tuchangie unga wa Malawi bila kusitasita, kisha tujifunze kwa akina mama wale kupanga zamu, kutafuta kuni na kuinjika sufuria kwenye shule iliyo jirani na kanisa letu. Hapo swali letu litakuwa limejibiwa, na watoto wa pande zote mbili watakuwa wamekunywa uji.