Simameni kwa Mnyama Mmoja

Wanangu mnaolea watoto hapa Lubutu, najua likizo kubwa ikifika wengi wenu hushika barabara ya Kisangani kwenda kusalimia ndugu. Huko watoto huomba kupelekwa kwenye bustani ya wanyama, ile iliyo kando ya mto Tshopo, nanyi mnasita. Mnasema bustani yenyewe ni ndogo, vita viliimaliza, mtoto ataona nini pale? Nendeni. Ila jueni mnavyokwenda.

Msimwahidi mtoto simba wala tembo. Mji ule ulipita katika mengi, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani yake siku sita, yakigombea mji ambao haukuwa wao. Mahali palipopita mabomu namna hiyo, wanyama hawakusalimika. Mtoto aliyeahidiwa simba atampita tumbili bila kumtazama. Aliyeambiwa, “Twende tukaone waliopo,” atasimama.

Naye akisimama, msimvute mkono. Mtoto wa miaka minne haulizi wanyama wako wangapi. Mmoja anamtosha asubuhi nzima, mkimwacha achuchumae, atazame vidole vya yule tumbili, aone vinavyofanana na vyake. Nendeni mapema kabla jua halijawa kali, maana mchana wanyama hulala. Mlisheni mtoto nyumbani ili asiingie na ndizi za kutupa kizimbani. Akiwa na kikohozi au mafua, msubiri apone, kwa sababu mafua yetu yanaweza kumuua sokomutu, yaani sokwe mtu.

Pale mtawakuta vijana wanaomchokoza mamba kwa fimbo ili ajongee. Msicheke nao. Mtoto hutazama kwanza uso wa baba yake ndipo ajue jambo ni la kuchekwa au la kuonewa aibu. Akijifunza leo kwamba aliyefungiwa huchezewa, kesho atamchezea mlemavu wa mtaani, na hamtajua alikolipata.

Lakini jambo ninalolijali zaidi ni swali atakalowauliza. Mkimkuta sokomutu mdogo peke yake kizimbani, mtoto atasema, “Mama yake iko wapi?” Hapo wazazi wengi hudanganya. Husema mama amekwenda kutafuta chakula. Sisi watu wa msitu hatuna ruhusa ya uongo huo, tunajua vizuri mno. Sokomutu hunyonya miaka minne hata mitano, na akiisha kuachishwa ziwa bado hufuatana na mama yake miaka mingi. Mama huyo hamtoi mwanawe. Mwindaji akimtaka mtoto, humuua mama, na mara nyingi huwaua na wengine waliojitokeza kumtetea. Nyama huuzwa, mtoto hufungwa kamba kiunoni. Mwambieni mtoto kwa maneno machache yanayoingia kichwani mwake: watu walimuua mama yake. Atanyamaza, huenda akalia. Msikimbilie kumfuta machozi kwa biskuti. Huzuni hiyo ni yake, nayo itamlea.

Mkirudi nyumbani, mwelezeni kilicho nyuma ya mji wetu. Mbuga ya Maiko, iliyotengwa mwaka 1970, ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000 za msitu. Ndani yake kuna okapi, kuna tausi wa Kongo, kuna na sokwe wakubwa wa mashariki ya nchi yetu. Wote watatu hawaishi porini popote duniani isipokuwa Kongo. Antwerp, kule Ubelgiji, walimpokea okapi wao wa kwanza mwaka 1919, na hadi leo watu hulipa kiingilio kwenda kumtazama mnyama huyo. Watoto wetu wanalala jirani naye na wengi hawajui hata kwamba ulimi wake hufika machoni. Hili linaniuma, na ninyi mnaweza kulirekebisha kwa hadithi za jioni bila kulipa senti.

Neno moja bado, nalo ni lenu wakubwa. Atakuja mtu mlangoni na mtoto wa sokomutu katika kikapu, au sanduku la kasuku, atake bei ya kuku. Watoto watamlilia wamfuge. Msinunue, hata kwa huruma, maana pesa yenu ndiyo itakayomrudisha muuzaji msituni kumtafuta mama mwingine. Sheria ya mwaka 2014 inakataza biashara ya sokomutu, na kule Lwiro, Kivu ya Kusini, kuna kituo kinachopokea yatima hao tangu 2002. Wapelekeeni habari walinzi wa ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi wanyama, siku hiyohiyo, na mwende na mtoto wenu aone mkifanya hivyo.