Mizani ya Uzee katika Sinema

Uzee ni kodi ya maisha marefu: hutozwa mwanamume, hutozwa mwanamke. Lakini katika sinema watozwaji hawa hupimwa kwa mizani mbili. Mvi za mwanamume huitwa hekima. Mvi za mwanamke huitwa hasara, naye huondolewa mbele ya kamera wakati ujuzi wake umeiva.

Mifano ya Marekani yatosha. Mwaka 1962 Bette Davis, mwenye miaka 54 na tuzo mbili za Oscar, alitangaza gazetini kuwa anatafuta kazi. Wako walioliona tangazo lile kuwa mzaha. Lakini mzaha huchoma palipo na ukweli. Katika The Graduate, sinema ya mwaka 1967, Anne Bancroft aliigiza mke wa makamo aliyemnasa kijana aliyetoka chuoni karibuni. Kumbe alimzidi Dustin Hoffman, aliyekuwa kijana huyo, miaka isiyofika sita. Mwaka 2015 Maggie Gyllenhaal alieleza kuwa, akiwa na miaka 37, aliambiwa amezeeka mno kuwa mpenzi wa mwanamume wa miaka 55.

Wenye mali hujitetea kwamba watazamaji ndio wapendao ujana, na biashara hufuata matakwa ya mnunuzi. Hoja hii si dhaifu. Sinema hugharimu fedha nyingi, wala hapana awezaye kulazimishwa kununua tikiti. Hata hivyo, matakwa hufunzwa. Chakula kisichopata kuandaliwa hakiwezi kusemwa kuwa kimekataliwa na wageni. Kilipoandaliwa, kililiwa: Driving Miss Daisy, sinema ya mwaka 1989, ilipata zaidi ya dola milioni 100 Marekani, na Jessica Tandy akapewa Oscar mwaka 1990 akiwa na miaka 80.

Dhuluma hii ina nyuso mbili. Mwigizaji hunyimwa kazi. Mtazamaji hunyimwa kioo. Msichana asiyeona wanawake wazee wakipenda, wakiamua, wakikosa na kutubu, hujifunza kuyaogopa maisha yake yajayo. Na mvulana aliyekuzwa kwa picha hizo hujifunza kumpita mama yake bila ya kumwona.

Haki haidai kwamba kila mwanamke mzee apewe nafasi, maana uzee pekee si ujuzi. Yadai jambo dogo kuliko hilo, na gumu kuliko hilo: mizani iwe moja.