JEZI YAKO IPO!

Kijana, subiri kidogo! Usiikunje karatasi hii ukafungie karanga. Isome kwanza. Hata kama ulikuja mkutanoni kusikiliza vyombo tu, au ulikuwa unapita zako ukapewa na mtu usiyemjua, haikukufikia kwa bahati mbaya.

Hebu nikuulize swali. Je, umewahi kuambiwa huna faida tena? Nyumbani wamekuchoka. Shuleni jina lako lilishafutwa. Yule uliyempenda kwa moyo wote amekuacha kwenye mataa. Ukikatiza mtaani unasikia watu wananong'ona, "Yule ndiyo basi tena." Kama wewe ni huyo, nina habari ya mchezaji mmoja. Halafu nina habari iliyo bora kuliko hiyo. Nifuate taratibu.

GOTI LILIPOKATAA

Kule Marekani wana mpira wao, si huu wetu wa miguu. Wenyewe umbo lake ni kama yai, na hushikwa mikononi. Yuko mchezaji ambaye kazi yake kubwa ni kupewa mpira na kukimbia nao katikati ya majitu yanayotaka kumbwaga chini. Wakimbiaji hawa hawadumu. Mwili unapigwa kila wiki, na mtu akifika miaka 27 au 28 wenye timu wanaanza kumhesabia siku.

Mmoja wao anaitwa Saquon Barkley. Mwaka 2018 timu ya New York Giants ilimchukua akiwa chaguo la pili kati ya vijana wote walioingia ligi kubwa mwaka ule. Alikimbia yadi 1,307 msimu wake wa kwanza. Watu wakaimba jina lake.

Lakini Septemba 2020 goti la kulia lilikataa. Kano ilikatika, msimu ukaisha. Aliporudi mwaka 2021 akaumia tena, safari hii kifundo cha mguu. Mwaka 2022 akainuka, akakimbia vizuri. Mwaka 2023 yeye na timu yake hawakuelewana juu ya mkataba mrefu, akacheza kwa mkataba wa mwaka mmoja. Machi 2024 mambo yakaishia hapo. Alikuwa na miaka 27. Wengi walisema wakati wake umepita.

Basi akavuka upande wa pili! Alisaini miaka mitatu na Philadelphia Eagles, mahasimu wakubwa wa timu aliyotoka. Mechi ya kwanza ilichezwa São Paulo, Brazil, Septemba 2024, akafunga mara tatu. Msimu ulipokwisha alikuwa amekimbia yadi 2,005. Katika historia yote ya ligi ile ni watu tisa tu waliowahi kufika yadi 2,000 kwa msimu mmoja, naye ndiye wa tisa. Na tarehe 9 Februari 2025, siku aliyotimiza miaka 28, timu yake ikatwaa ubingwa wa Super Bowl kule New Orleans, ikaifunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22.

SASA JIULIZE: NINI KILIBADILIKA?

Goti ni lile lile lililokatika. Miguu ni ile ile. Jina ni lile lile alilopewa na wazazi wake. Kilichobadilika ni nini?

Nitakwambia. Pamoja na mengine, walibadilika watu waliotangulia mbele yake! Katika mpira ule mkimbiaji hapiti kwa nguvu zake peke yake. Mbele yake wanasimama mabaunsa watano, kazi yao ni kusukuma adui kando ili njia ipatikane. Mmoja wao, Jordan Mailata, ni mtu wa Australia aliyetoka kwenye raga, mwenye kilo zaidi ya 160! Watu kama hao wakikutangulia, hata wewe utaona upenyo.

Kijana, hapa ndipo penye shida yako. Umekuwa ukikimbia peke yako. Uliapa mwaka mpya, "Sinywi tena!" Wiki haikuisha. Ukasema, "Namwacha huyu mtu anayeniharibia maisha," na jioni ukawa mlangoni kwake. Mwingine aliona dawa ni kuhama. Alipanda basi akaja mjini akidhani matatizo ameyaacha stendi. Kumbe yalikuwa ndani ya begi! Mji ulikuwa mpya, mtu akawa yule yule wa zamani.

Yuko mmoja tu anayeweza kutangulia mbele yako akafungua njia pale usipoweza kupita. Jina lake ni Yesu! Alitangulia msalabani. Alitangulia kaburini, mahali ambapo kila mwanadamu anakwama, akatokea upande wa pili akiwa hai. Yeye hakai jukwaani kukushangilia au kukuzomea. Yumo uwanjani, mbele yako.

TOFAUTI MOJA KUBWA

Sikudanganyi, rafiki. Mchezaji yule alisajiliwa kwa sababu waliomchukua waliona bado analipa. Walitoa dola milioni 37.75 wakitegemea faida. Hakuna timu duniani inayosajili mtu aliyekwisha kabisa. Lakini Yesu hakungoji upone ndipo akuchukue. Anakuchukua na goti lako bovu. Anakuchukua na sigara yako mfukoni, na siri yako ambayo hata mama hajui.

Soma mwenyewe Luka sura ya 15. Kijana alikula mali ya baba yake ikaisha, akafikia kutamani chakula cha nguruwe. Aliporudi nyumbani alitaka aombe kazi tu. Baba hakumwambia, "Nenda kaoge kwanza, nikuweke majaribio miezi mitatu." Alimkimbilia! Akamkumbatia na uchafu wake, akaagiza aletewe vazi zuri na pete ya kidoleni.

Umesikia neno pete? Mabingwa wa mpira ule nao hupewa pete. Sasa sikia jambo la ajabu. Siku ile ya fainali, Barkley alibanwa. Alipewa mpira mara 25, akapata yadi 57 tu. Mtu wa yadi 2,005, siku kubwa kuliko zote, alipata 57! Lakini timu ilishinda, na pete ni yake sawasawa na wengine. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa amevaa jezi ya washindi.

Hivyo ndivyo wokovu ulivyo. Hupati pete ya Baba kwa wingi wa yadi zako. Ziko siku utaomba vizuri, ziko siku utabanwa mpaka upumue kwa shida. Ushindi haukutoka kwako. Aliyeshinda ni mwingine, nawe unahesabiwa pamoja naye. Haleluya!

WATAKUZOMEA, USISHANGAE

Oktoba 2024 Barkley alirudi kucheza kwenye uwanja wa timu yake ya zamani. Wale wale waliomshangilia kwa miaka sita wakamzomea. Alifanya nini? Hakugombana na jukwaa. Alikimbia yadi 176, timu yake mpya ikashinda 28 kwa 3.

Ukiokoka leo, kesho kijiweni watakuzomea. "Ooh, mlokole! Tutaona, wiki mbili nyingi!" Watakukumbusha ulivyolala mtaroni. Watakutajia majina ya wote uliowakosea. Usibishane nao. Wewe kimbia. Na wale uliowaibia au kuwaumiza, rudi kwao kwa unyenyekevu, uwaombe msamaha, urudishe unachoweza kurudisha. Jezi mpya haifuti deni la jirani, bali inakupa moyo wa kulilipa.

Tena nikuonye kama ndugu: utaanguka. Msimu ule wa yadi 2,005 alipewa mpira mara 345, na karibu kila mara mwisho wake ulikuwa ni kubwagwa chini. Ila aliinuka, akarudi kwenye mstari. Mwenye haki hatambuliwi kwa kutoanguka kamwe. Anatambuliwa kwa kuinuka. Shetani anapenda ulale pale chini ukisema, "Nilijua tu, mimi siwezi." Mwambie ashindwe! Inuka.

HUWEZI KUVAA JEZI MBILI

Baadhi yenu mnasema, "Nitaokoka, ila si leo. Acha kwanza nile ujana." Ndugu yangu, ujana haukuli wewe? Wangapi wa rika lako mmewazika? Kwenye mpira dirisha la usajili lina tarehe ya kufungwa, na tarehe hiyo inatangazwa mapema. La kwako halitangazwi. Dhambi nayo ni tajiri mwenye timu, inalipa mshahara kila mtu wake, na mshahara wenyewe ni mauti.

Sisemi juu ya wokovu wa mchezaji yule. Hayo ni kati yake na Mungu. Nasema juu ya wewe unayeshika karatasi hii. Pete ya mpira itabaki duniani. Jezi itachakaa. Kila mwaka ubingwa unachezwa upya, na watu wanasahau. Lakini aliye ndani ya Kristo amefanywa mtu mpya, ya zamani yamepita. Thibitisha mwenyewe katika 2 Wakorintho 5:17.

Jezi yako ipo. Ina namba yako. Inakungoja. Kama uko tayari, tafuta mahali pa utulivu, hata kama ni hapo hapo ulipo, useme kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimechoka kukimbia peke yangu. Mimi ni mwenye dhambi, na sina cha kujitetea. Naamini ulikufa kwa ajili yangu ukafufuka. Nisamehe. Futa jina langu kule nilikokuwa, uliandike kwako. Kuanzia leo mimi ni wako. Tangulia mbele yangu. Amina."

Umeomba kwa kumaanisha? Basi umesajiliwa! Usikae peke yako, maana hakuna mkimbiaji wa peke yake. Tafuta watu waliookoka karibu na unapoishi, uwaambie ulichofanya. Anza kusoma Injili ya Yohana, hata sura moja kwa siku. Omba kila asubuhi, kwa maneno yako mwenyewe.

Na karatasi hii usiitupe. Mpe mwenzako wa kijiweni, hasa yule anayesema yeye ndiyo basi tena.

MUNGU AKUBARIKI SANA!