Moyo Uliohama



Kuanzia Oktoba hivi, ukipita Kibaha au ukipanda kuelekea Kisarawe, tazama nyaya za umeme. Wale mbayuwayu wenye mgongo wa buluu na koo la rangi ya kutu ni wageni. Kiangazi cha Ulaya kikiisha wanaondoka, wanakatiza Sahara, wanakuja kwetu. Kuelekea masika wanarudi. Ndege wa gramu 20 hivi!

Nawataja kwa sababu kijana mmoja wa VIWAWA aliniambia, "Frateri, moyo wangu umeshahama. Si Mungu huyo ananiambia niondoke?" Ana mchumba Kisarawe. Posa imeshapokelewa, na dada wa watu hajui lolote.

Swali lake si la kuchekesha. Ndege wengi wanaosafiri usiku, ukiwafungia kwenye tundu, msimu ukifika wanahangaika, wanarukaruka, tena kuelekea upande uleule wa safari yao. Kinda la kekeo linalelewa na ndege wa aina nyingine, halijawahi kuishi na wazazi wake, na bado linafika Afrika peke yake. Kwao mahangaiko na mwelekeo huja pamoja. Mt. Thomasi wa Akwino anasema kondoo akimwona mbwamwitu anakimbia kwa hukumu ya asili, siyo hukumu huru. Hajipimi.

Sisi je? Mahangaiko tunayo, tena mengi. Mt. Agostino anayataja mwanzoni kabisa mwa Maungamo yake. Lakini yanakuja bila ramani. Moyo unaweza kuhama kwa sababu ya Mungu, kwa sababu ya woga wa mahari, au kwa sababu ya mtu mwingine kwenye simu. Ukiwa ndani yake, yote yanafanana. Kwa hiyo "nasikia ndani yangu" bado si jibu; hapo ndipo kazi ya kupambanua inaanza.

Sikumwambia abaki kwa lazima. Kanuni ya 1062 ya Sheria ya Kanisa inasema ahadi ya ndoa haimpi mtu haki ya kudai ndoa ifungwe. Ila kanuni hiyohiyo inaruhusu kudai fidia ya hasara, maana yake kuna mtu anayeweza kuumizwa. Mbayuwayu akiondoka hamwachi mtu na vikao vya familia.

Basi nilimwambia aende Kisarawe akazungumze na huyo dada kabla ya kuamua, siyo baada. Akasema ataenda Jumamosi. Mwombeeni, na dada yetu pia.