Kosa la Mashine na Kosa la Mtu

Mashine inapokataa kazi, mwanadamu hujiuliza maswali mawili. La kwanza: ni nini kilichoharibika? La pili: ni nani aliyeharibu? Maswali haya hufanana kama pacha, lakini tabia zao ni mbalimbali. La kwanza huzaa uchunguzi. La pili, likitangulia, huzaa dhuluma.

Katika machimbo ya dhahabu kama ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, mawe husagwa kwa karasha, yaani pipa la chuma lizungukalo na gololi za chuma ndani yake. Karasha likiwa linaendeshwa na injini kuukuu ya dizeli, siku injini isipowaka kazi yote husimama. Fundi mwema haanzi kwa lawama. Ajua kuwa injini ya namna hii haina plagi. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa na pistoni. Yahitaji, basi, mafuta safi, hewa ya kutosha na mbano. Huizungusha akatazama moshi. Ukitoka mweupe, mafuta yafika lakini hayawaki, na mbano hushukiwa. Usipotoka kabisa, yamkini mafuta hayafiki: hukagua tangi, chujio, hewa iliyonaswa njiani, kisha nozeli. Hurekebisha kitu kimoja, akajaribu, ndipo akaendelea. Fundi wa pupa hubadili vitu vitatu kwa pamoja. Injini ikiwaka, hajui kilichoiponya. Isipowaka, hajui kama ameongeza ubovu.

Adabu hii haina nchi. Ng'ambo wako wanaofufua mashine za zamani za mchezo wa pinboli, ambamo gololi ya chuma hurushwa juu ya ubao wenye taa na kengele. Mashine zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970 ziliendeshwa kwa swichi na koili nyingi. Mara nyingi kengele isiyolia haina ila yoyote; ila ipo kwenye swichi ya mbali iliyoshika uchafu. Kinyamazacho sicho kikosacho.

Neno hilo ni jepesi katika karakana, lakini ni zito katika maisha. Mkoani Shinyanga vikongwe wengi waliuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama ya uchawi wao ilikuwa macho mekundu. Wekundu huo aghalabu ulitokana na moshi wa meko waliyoyapikia watoto na wajukuu miaka mingi. Tangu 2007 hivi, watu wenye ualbino waliuawa na wengine kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa imani kuwa viungo vyao huleta utajiri, hata dhahabu. Mshipa wa dhahabu hukatika kwa sababu zilizomo ndani ya mwamba; lakini aliyeshindwa kuuliza mwamba aliuliza ramli, na ramli haikosi kutaja mtu.

Yawezekana kujibiwa kuwa subira ni anasa ya walioshiba. Karasha likisimama, mchimbaji hukosa riziki, na mwenye njaa hana muda wa kukagua jambo moja moja. Hoja hii ina haki ndani yake, wala haifai kudharauliwa. Lakini pupa haimpi mwenye njaa chakula. Humpa mtu wa kumchukia tu. Chujio lililoziba hubaki limeziba hata baada ya jirani kufukuzwa kijijini.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya chuma na mtu. Nozeli iliyoshukiwa bure hufunguliwa, ikasafishwa, ikarudishwa mahali pake, haikuumia. Binadamu aliyeshukiwa bure hawezi kurudishwa mahali pake kwa spana. Ikiwa chuma chastahili uchunguzi wa taratibu, mtu astahili mara nyingi zaidi.

Baki ni jambo gumu kuliko yote. Ipo mashine ambayo fundi huikagua mpaka jua likatua asione ila yake. Hapo wema wake hupimwa kwa neno moja: sijajua bado. Jamii isiyoweza kulistahimili neno hilo haitakosa wachawi kamwe, maana kila ilipokosa sababu itajitafutia mtu.