MAMBA SI WA MTU

Somo: Ayubu 41



Mungu alipomjibu Ayubu hakumweleza sababu ya mateso yake. Alimwonyesha viumbe, na wa mwisho wao, katika Biblia yetu ya Kiswahili, ni mamba. Sisi tukaao kando ya Ruvuma twapaswa kumtazama vivyo hivyo, maana lipo neno baya katikati yetu. Mtu akikamatwa mtoni, kabla ya matanga kwisha watu hunong'ona: "Yule ni mamba wa mtu." Kisha hutajwa jina la bibi kizee fulani.

Haya, tumtazame. Juani hulala kinywa wazi ili apunguze joto la mwili. Majini huweza kuzama zaidi ya nusu saa, naye akiibuka huonyesha macho na matundu ya pua tu. Jike huweza kutaga mayai 50 au zaidi, akayafukia na kuyalinda karibu miezi mitatu. Watoto wakilia ndani ya mayai, huwafukua na kuwapeleka majini kwa kinywa kile kile tunachokiogopa. (Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu walikataa kabisa kusadiki hilo.)

Tena ni mvumilivu mno. Mama akiteka maji mahali pale pale, saa ile ile, siku kwa siku, yeye hungoja. Ndiyo maana hukamatwa huyu, jirani yake akapona. Mnyama huyu ana njaa yake na akili yake. Hana haja ya kutumwa.

Bwana Yesu mwenyewe alilitaja jambo kama letu. Mnara wa Siloamu ulikuwa umewaangukia watu 18 wakafa. Naye alikataa kwamba hao walikuwa na hatia kupita wengine wa Yerusalemu (Luka 13). Sisi twatafuta mwenye hatia hata nje ya maiti! Bibi yule hunyimwa moto, wajukuu hukatazwa kwake, mwisho huhama kijiji alichozaliwa. Hayo mamba hakuyafanya.

Kwa hiyo, akina baba wa mtaa huu, miti ipo: simikeni ua imara majini pale wanapoteka akina mama. Watoto wasioge mtoni jioni. Kisima kikichimbwa, kila nyumba itoe mtu wa kufanya kazi. Na yule bibi msimwache ateke maji peke yake.