Gari Lione, Lisisimulie

Kamera inayomtazama dereva usoni si uovu. Usingizi huua barabarani, na kifaa kinachogundua kope zinalegea kabla mwenyewe hajatambua kinaweza kunusuru abiria wa basi zima. Umoja wa Ulaya umeligeuza onyo la uchovu kuwa lazima: tangu Julai 2024, kila gari jipya linalosajiliwa huko sharti liwe na mfumo wa kumwonya dereva aliyechoka. Lakini kanuni hiyohiyo, iliyopitishwa 2019, ina kifungu kisichosikika sana. Taarifa za mfumo huo zisiwafikie watu wengine wakati wowote, na zifutwe papo hapo zikishachakatwa. Basi wanaodai kwamba anayetaka usalama lazima aiache faragha yake mlangoni hawana pa kusimama. Gari linaweza kuona bila kusimulia.

Balaa limo katika kusimulia. Aprili 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kati ya 2019 na 2022 baadhi ya wafanyakazi wa Tesla walirushiana, kwenye mfumo wa ujumbe wa kazini, picha na video kutoka kamera za magari ya wateja. Mojawapo ilimwonyesha mwanamume akilisogelea gari akiwa uchi. Kampuni ilikuwa imewaahidi wateja kwamba rekodi hizo hazitahusishwa nao wala na magari yao. Hapakuwa na mdukuzi hapo. Waliochungulia walikuwa na funguo. Wala si picha tu. Mwaka 2024 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba General Motors ilikuwa ikiwapa madalali wa taarifa rekodi za namna wateja wanavyofunga breki na kukimbiza gari, nazo zikafika kwa kampuni za bima. Wapo walioona ada zao zikipanda.

Utaambiwa walikubali. Alikubali nani? Aliyebonyeza kitufe ni mwenye gari, na kwetu anayeshika usukani mara nyingi ni mwajiriwa wake, achilia mbali abiria na mpita njia. Wale wanaosema hawana cha kuficha wakumbuke yanayozungumzwa garini: mishahara, magonjwa, ndoa zinazoyumba.

Hoja ya wizi ina uzito zaidi. Gari likiibwa, nani asingependa lizimwe kutoka mbali? Ila mwaka 2010, mjini Austin, Texas, mtu aliyefukuzwa kazi na muuzaji wa magari ya mkopo alitumia nywila ya mwenzake kuingia katika mfumo uliowekwa kwa ajili ya wadaiwa sugu. Magari zaidi ya 100 yakagoma kuwaka au yakapiga honi bila kukoma. Uwezo wa kuzima gari la mwizi ndio huohuo wa kuzima la mama anayempeleka mtoto hospitali. Kwa hiyo mlango huo ufunguliwe na mwenye gari peke yake, kila unapohitajika, na kila aliyeingia aache jina.

Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Hazitaji usukani, lakini uso na sauti ya mtu ni taarifa binafsi popote vilipochukuliwa. Magari mengi tunayonunua ni mitumba, nayo hukaguliwa breki na taa. Fomu ya ukaguzi huo iongezewe swali moja: akaunti ya mmiliki wa kwanza, inayomwezesha kulifikia gari kutoka mbali, imefutwa?